Vifaranga Wekundu wa Katuba

"Kama si yeye aliyewaua, mbona wawili wake bado wazima?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni na ndoo mkononi. Nilikuwa na miaka kumi, mtaa mzima ulinijua kwa maswali yasiyokwisha, na siku hiyo niliulizwa mimi. Nilichimba ardhi kwa kidole cha mguu. Hata leo ukimya ule unanikasirisha.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Katanga iliyojitenga na Kongo. Lubumbashi bado tuliiita Elisabethville. Tulikaa Katuba, na nyuma ya nyumba tulifuga kuku jike mweusi ambaye hakuwa wetu. Alikuwa wa jirani wa upande wa kushoto, mjane aliyetoka Kasai na mume wake kabla mimi sijazaliwa. Sote tulimwita Mamu, kama Wakasai wanavyomwita mama. Yeye alikuwa na kuku lakini ua wake ulikuwa mdogo kama mkeka. Sisi tulikuwa na ua mpana usio na kuku. Basi akampa mama jike lake alifuge, kwa desturi iliyojulikana na kila nyumba. Katika kila vifaranga wanne, watatu ni wa anayelisha na mmoja ni wa mwenye kuku. Jike lenyewe halichinjwi mpaka wote wawili wakubali. Hakuna aliyeandika kitu. Neno la wanawake wawili lilitosha.

Jike liliangua vifaranga kumi na wawili mwishoni mwa miezi ya baridi, wakati mwewe wanaporudi juu ya mji. Siku ya tatu mwewe alishuka mbele ya macho yangu, akachukua mmoja karibu na kinu, akaondoka bila haraka, kama mtu aliyekuja kuchukua chake. Tulijaribu yote. Tulipiga masufuria. Tulitundika kipande cha kioo kwenye kamba ya nguo. Tuliwafunika kwa tenga, wakagoma kula. Nani angepiga sufuria kutwa nzima? Mimi nilikuwa na shule, mama alikuwa na soko. Kufikia mwisho wa juma walibaki tisa.

Mamu ndiye aliyeleta nkula, ule unga mwekundu wa mti ambao bibi zetu walijipaka siku za sherehe. Wazee wake walipaka nao vifaranga, kwa sababu mwewe anatafuta kitu cha rangi ya njano. Akiona chekundu kinatembea, hakitambui. Niliwapaka mwenyewe. Mchana wakaoga vumbi, jioni wakawa wa njano tena, na kesho yake mwewe akachukua mmoja. Walibaki wanane.

Hapo ndipo baba alipoingilia. Alikuwa fundi katika karakana ya vyuma, mtu aliyeamini kwamba hakuna tatizo lisilo na dawa yake karakanani. Alirudi na kopo la rangi nyekundu, ile waliyopaka vyuma visishike kutu.

"Hii haitoke na vumbi," alisema. "Hata mvua ya mwaka muzima haitaitoa."

Brashi niliishika mimi. Nilimshika kila kifaranga mkononi, moyo wake ukinigonga kwenye kiganja, nikampaka mgongo, mabawa, mpaka shingoni. Walipokauka walikuwa wekundu kama pilipili, na baba akawaita majirani waje waone. Mamu naye alikuja.

"Mamu, unaona akili ya karakana?"

"Minaona, tatu," alimjibu baba, maana kwao tatu ni baba. "Lakini harufu yake sipendi. Kitu chenye kinakataza chuma kuoza, tumbo ya kuku itakiweza?"

"Kwani kuku anakula chuma?"

"Anajisafisha na mudomo. Angalia ule."

Kweli, kifaranga mmoja alikuwa amegeuza shingo, anachokoa bawa lake kwa mdomo, anameza. Sote tulimwona. Mama alicheka.

"Weye, ndugu yangu, unaogopa mpaka rangi! Basi, beba ya kwako mapema."

Mamu hakukataa. Alichukua wawili wake siku ileile, akaketi kwenye kizingiti chake na mkasi, akawanyoa manyoya yote yaliyoshika rangi. Walitoka wabaya ajabu, vipara, ngozi ya waridi kama ya panya wachanga. Kwa kuwa sasa mwewe angeweza kuwachukua tena, aliwalinda mwenyewe. Kila siku aliketi uani kwake na fimbo mapajani, akichambua maharage, jicho moja kwenye maharage na jingine mbinguni. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka.

Na rangi ya baba ilifanya kazi. Hilo lazima niliseme. Mwewe alikuja, akazunguka, akashuka kidogo, akaondoka. Baba alitembea mtaani kama waziri.

Siku ya sita kifaranga mmoja alianza kuyumba. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Akakaa chini na hakusimama tena. Baada ya siku nne wote sita walikuwa wamekufa, bila alama ya ukucha, bila tone la damu.

Ng'ambo ya barabara aliishi mama mmoja aliyeuza makala, yaani makaa ya kupikia, na mdomo wake ulikuwa na moto kuliko makala yake. Alikuja akatazama mizoga, akatazama upande wa Mamu.

"Alisema batakufa, na balikufa. Nani alimuambia?"

Akanyoosha kidole uani kwa Mamu.

"Na ya kwake, mwangalie! Alibanyoa kama bantu beko na kilio. Kilio ya nani? Ya kuku yenu! Alibalilia mbele bafe!"

Kwetu mtu hunyolewa akifiwa. Wanawake waliokuwa pale walicheka kwanza, kisha kicheko kikakatika, na nikaona wakiangaliana. Katika miezi ile Wakasai waliitwa maadui wa Katanga, na kuwa mmoja wao lilikuwa kosa la kutosha. Mitaa ya jirani nyumba zilikuwa zimechomwa kwa sababu ndogo kuliko vifaranga sita.

Mamu alisimama upande wake wa ua, fimbo mkononi.

"Mamu, ulijua je?" aliuliza yule wa makala.

"Niliangalia. Weye uliangalia nini?"

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kusikia, na ndilo lililommaliza. Nani anataka jirani anayeona mbele? Aliyeonya ndiye aliyeshtakiwa. Aliyeleta kopo alikuwa ameingia ndani kuvaa viatu. Aliyeshika brashi alikuwa amesimama palepale, mikono imekunjwa mgongoni, rangi bado chini ya kucha.

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa amekula kutoka chungu cha Mamu zaidi ya miaka kumi. Ni mikono ya Mamu iliyonipokea nilipozaliwa. Neno moja lingetosha: mwacheni. Badala yake aliniuliza mimi lile swali, kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka ua.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, lori lilipita kukusanya Wakasai waliokuwa wakikimbilia kambi ya nje ya mji. Mamu alipanda na godoro, cherehani, na kikapu chenye vifaranga wawili vipara. Kabla ya kupanda alikuja mlangoni kwetu.

"Jike nakuachia," alimwambia mama. "Haiko yangu peke yangu."

Mama alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia.

Hatukumwona tena. Jike lilikaa kwetu miaka, likazeeka, likaacha kutaga. Noeli moja baba alinoa kisu. Mama alimzuia mlangoni.

"Hapana. Iko ya bantu babili."

Watu waliosikia habari hiyo walimsifu mama yangu kwa uaminifu wake. Mimi nilitoka nje nisije nikamtukana mzazi. Ahadi juu ya kuku aliitunza mpaka kuku akafa kwa uzee. Juu ya mwenye kuku hakuwa na hata neno. Desturi gani hiyo inayojua kulinda shingo ya jike na haijui kulinda ya mwanamke?

Swali la mama lilikaa nami kama mwiba uliovunjikia ndani. Mbona wawili wa Mamu walipona? Aliwapa nini? Hata mimi, nimekiri kwa wachache, kuna miaka niliyowaza kwamba labda alijua kitu.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili chuo kikuu, hapahapa Lubumbashi, nimesimama mbele ya meza ya maabara, mwalimu wa kemia alipofungua chupa ya unga mwekundu. Niliitambua rangi kabla hajasema jina. Inaitwa minium, alisema; hupakwa kwenye vyuma kuzuia kutu, na imetengenezwa kwa plombi, yaani risasi, yale madini mazito ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu zizame. Nikaenda maktaba. Kitabu kilisema kwamba ndege akimeza plombi hulegea miguu, hutoa kinyesi cha kijani, na hufa katika siku chache. Jibu la swali la mama lilikuwa mkasi wa Mamu: uliondoa rangi kabla wawili wale hawajaimeza.