Fomu ya Maswali Kumi na Moja

Walimwita Mama Faili, kwa kuwa alikaa miaka ishirini na sita kwenye masjala ya hospitali kabla ya kustaafu na kugeukia ufundi wa cherehani. Kila Jumatatu alituma barua pepe ya mafunzo kwa waliojiandikisha kwenye tovuti yake: jinsi ya kusafisha, kutia mafuta, kukaza mkanda.

Mwenye duka la vipuri alimwambia waziwazi: Mama Faili akipata wasomaji mia tano waliojiandikisha kufikia mwisho wa mwezi, yeye ataagiza tena gia za cherehani za zamani. Wasipofika, basi. Bila gia hizo, cherehani kumi na nne za wateja zilizopangwa ukutani kwake zingekuwa vyuma chakavu.

Zilibaki wiki tatu. Watu mia tisa walikuwa wamepita kwenye tovuti. Waliojiandikisha, arobaini na mmoja.

"Hebu jiandikishe wewe nione," alimwambia mdogo wake, mshonaji.

Mdogo mtu akashika simu. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Mahali anapoishi. Kwenye swali la nane akaangua kicheko.

"Jina la ndugu wa karibu? Dada, najiandikisha au nalazwa?"

"Faili lisilokamilika si faili."

"Haya, mimi ndugu yako nimechoka. Mgeni je?"

Mama Faili alinuna mchana kutwa. Jioni akafuta maswali kumi, moja baada ya jingine, kama anayejing'oa meno. Ikabaki anwani ya barua pepe tu. Kisha akaitoa fomu kwenye ukurasa wa mawasiliano, ambao hakuna aliyeufungua, akaiweka chini ya somo lililosomwa kuliko yote: kwa nini uzi unakatika. Swali moja lilimshinda kuliacha: cherehani yako ni ipi, na ina tatizo gani? Hilo akalitia kwenye barua ya kumkaribisha msomaji mpya.

Mwezi ulipoisha, walikuwa mia nne thelathini na wawili.

"Hawajafika," alisema mwenye duka.

"Hawajafika. Lakini soma."

Akamsogezea majibu aliyoyachapa. Watu mia moja na tisini walikuwa wamejibu, na zaidi ya nusu walilalamikia gia ileile.

Mwenye duka alisoma kurasa tatu amesimama. Ya nne, akavuta kiti.

"Kasha moja kwanza," alisema hatimaye.

"Linafika lini?" Mama Faili alishatoa kalamu. "Kuna watu wanasubiri jibu."