Mama Hitimisho na Mwanamke Aliyenawa Mikono

"Filamu yoyote iliyowahi kuonyeshwa ukumbi huu, niulizeni mwisho wake. Nikikosea hata mmoja, funguo hizi chukueni, mimi niende nyumbani nikalale."

Aliyasema hayo mama mtunza mlango wa ukumbi wa filamu, kwenye kipaza sauti, siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, mbele ya mkuu wa kitivo na walimu waliovaa tai. Wanafunzi wakamjaribu. Wakataja filamu ya kwanza, ya pili, ya tano. Zote akajibu, na rangi ya gauni la bibi harusi akaongeza. Kuanzia siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho cha kazi. Chuo kizima kikamwita Mama Hitimisho.

Hakuna aliyemuuliza mwanzo, na bahati yake ilikuwa hapo.

Ukumbi wa filamu wa kitivo cha sanaa una mlango usiokubali kufungwa. Unausukuma, unatulia kama mtoto anayejifanya amelala, ukigeuka tu unafunguka wenyewe, na mwanga wa korido unaingia na kufuta nusu ya picha ukutani. Basi kazi ya Mama Hitimisho ilikuwa kukaa nje kwenye kigoda na kuuegemea kwa mgongo mpaka filamu ikaribie kwisha. Hapo, akisikia muziki umebadilika, aliingia kimya kimya kwenda kufungua milango ya nyuma ili watu watoke bila kukanyagana. Dakika kumi hizo za mwisho ndizo zilikuwa elimu yake yote ya sinema. Kwa miaka kumi na moja ameona wauaji wakikamatwa bila kujua wamemuua nani, na ndoa zikifungwa bila kujua zilicheleweshwa na nini.

Mumewe, fundi viatu, alikuwa akisema, "Huyu anajua mwisho wa kila kitu, isipokuwa wa maneno yake."

Lakini kilichomuuma mama huyu hakikuwa utani wa mumewe. Kilikuwa kicheko. Anakaa pale nje, ukumbi mzima unaangua kicheko, mlango unamtetemekea mgongoni, naye hajui wamechekea nini. Kwa hiyo lilipobandikwa tangazo la kozi ya kutengeneza filamu, miezi sita, jioni mbili kwa wiki, na nafasi moja bure kwa mfanyakazi wa chuo hata asiye na cheti, alilisoma mara tatu. Sharti lilikuwa moja: andika ukurasa mmoja kuhusu filamu uliyoitazama yote. Mchaguzi ni mwalimu wa filamu, yule tuliyemwita Mwalimu Ushahidi, kwa sababu kila insha anaiandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: ushahidi uko wapi?

Jioni aliyokwenda ofisi ya utawala kuchukua fomu, alimwachia mfagiaji kazi ya kuuegemea mlango. Humo ndani Mwalimu Ushahidi alikuwa akionyesha filamu ya saa mbili ya ndugu wawili wanaogombania kiwanja cha baba yao. Ikaisha mapema. Watu wa zahanati ya chuo, waliokuwa wameomba ukuta kwa dakika chache, wakaweka filamu yao. Mama Hitimisho akarudi, akakuta giza, akasikia muziki umebadilika, akaingia kama kawaida yake.

Kesho yake wakamjia wanafunzi kumi na saba waliotakiwa kuandika insha kuhusu filamu ile ya ndugu wawili. Jioni ile kulikuwa na mechi, na kati ya mechi na kiwanja cha marehemu walichagua mechi.

"Mama, jana iliishaje?"

"Ilikuwa nzito, wanangu. Mwanamke ananawa mikono. Polepole. Katikati ya vidole, mpaka kwenye viwiko. Halafu anawatazama, anatabasamu. Imekwisha."

"Alikuwa amefanya nini?"

"Mwenye amani na moyo wake ananawa hivyo? Jaza mwenyewe, wewe ndiye msomi."

Wakajaza. Insha kumi na saba zikatua mezani kwa Mwalimu Ushahidi. Katika sita, mwanamke alikuwa amemuua mume. Katika nne, mama mkwe. Mmoja aliandika kurasa tatu kwamba maji ni historia na sabuni ni usahaulifu. Mwingine, mwenyekiti wa klabu ya filamu, alimsifu mwongozaji kwa kumficha muuaji filamu nzima, akamtoa dakika ya mwisho.

Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Halafu akamtuma mtu amwite Mama Hitimisho.

Mama alimkuta amezipanga insha zote kumi na saba mezani, na juu yazo fomu ya mama mwenyewe, mahali pa filamu pakiwa bado patupu.

"Mama, huyu mwanamke unamfahamu?"

"Namfahamu, mwalimu. Wa juzi."

"Ni muuguzi wa zahanati. Anafundisha watu kunawa wakitoka chooni."

Mama alitazama fomu yake, si insha.

"Umewahi kuona mwanzo wa filamu yoyote?"

"Mwalimu, mwanzo ndio mnaonifungia nje."

"Na hawa uliwaambia nini?"

"Niliyoyaona. Damu wameitoa wao."

Mwalimu aligeukia dirisha, na mabega yake yakawa yanatikisika kidogo. Aliporudi uso ulikuwa wa mwalimu tena. "Kumi na saba hawa wamepata sifuri, watarudia. Wewe siwezi kukupa nafasi kwa filamu ambayo hukuiona. Kesho saa kumi njoo ukumbini. Utakaa ndani."

"Na mlango?"

"Nitauegemea mimi."

Basi kesho yake waliopita koridoni walimwona mwenye shahada ya uzamivu amekaa kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni. Ndani, Mama Hitimisho alikaa safu ya mbele peke yake. Filamu ya ndugu wawili akaitazama mpaka mwisho. Akaomba na ya zahanati, ya dakika saba.

Alichagua hiyo ya dakika saba. Aliandika kwa mkono, herufi kubwa:

"Mwanzoni huyu dada anabadilisha nepi ya mtoto, simu inalia, anakwenda kukata nyanya na mikono ile ile. Nilicheka peke yangu. Yule anayekuja mwishoni atasema dada huyu ameua mtu. Kosa si la filamu, ni la aliyechelewa. Mchelewaji ni mimi, ila mimi nilikuwa kazini."

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, Mwalimu Ushahidi aliandika: ushahidi upo.

Nafasi ikawa yake. Ikabaki utawala. Afisa alipekua ratiba, akakuna kidevu. "Kozi ni Jumanne na Alhamisi. Siku hizo hizo kuna maonyesho. Mlango utaegemewa na nani? Bila mtu pale siwezi kusaini."

Mama Hitimisho alikaa na barua yake mapajani siku nne, mdomo umefungwa, jambo ambalo mumewe alilitangaza kwa wateja kama msiba. Siku ya tano afisa, kwa kuchoka kuulizwa na Mwalimu Ushahidi kila anapokunywa chai, akamwita seremala wa chuo.

Seremala aliutazama mlango, akausukuma, ukafunguka, akausukuma tena. Akatoa bisibisi, akang'oa komeo bovu la ndani, akafunga jipya. Hata robo saa haikufika.

"Vuta, mama, uone."

Mama alivuta. Haukutikisika.

"Miaka kumi na moja," alisema.

"Kumi na moja nini?"

"Kusanya vifaa vyako, mwanangu. Nachelewa darasani."

Afisa akasaini. Komeo la ndani, pamoja na skrubu zake nne, bei yake dukani ni shilingi elfu tatu na mia tano.