Firigisi Niliyompa Mwenye Pikapu

Nyinyi vijana mnaosoma haya, msinicheke. Siku wakwe wa mjukuu wangu Nekesa walipoleta mahari kwetu Donholm, ziliingia gari mbili. Moja pikapu mpya, inang'aa. Nyingine kigari cha mashindano cha zamani, ukikaa makalio yanakaribia lami. Mzee mzima wa mvi akatoka humo akijikunjua.

"Toeni hicho kikopo langoni!" nikafoka. Kilikuwa kimezimika, mzee na watu wake wakakisukuma. Mwenye pikapu nikamketisha ndani, nikampa firigisi, ambayo sisi Waluhya humpa mgeni mkuu. Akaimaliza.

"Asante, mama. Mimi nimekodiwa kubeba soda tu. Baba wa bwana harusi ndiye yule anayesukuma."

Na mbona hakusema kabla ya kutafuna? Nekesa akaanza kulia kwamba ndoa imeharibika.

"Chinjeni kuku mwingine," nikaamuru, "na firigisi isitoke jikoni kabla sijauliza majina!"