Marehemu Aliyeshika Kikapu Changu

Msomaji, apa hutamwambia mtu, maana nami niliapishwa.

Jirani yangu wa Kihonda, mjane, kila akilala humwota marehemu mumewe akisombwa na mto. Zahanati wakamwambia akili imelemewa na huzuni, inatibika. Muuguzi akamshika mkono, akamsikiliza saa nzima! Mie na goti langu hupewa vidonge, kwaheri. Wivu ukanikaba.

Juzi nikakaa mbele ya muuguzi yuleyule, mlango wazi, foleni yote inasikia.

“Mwanangu, silali. Namwota marehemu mume wangu akisombwa na mto.” Na machozi nikatoa.

“Pole, bibi,” akanishika mkono. “Alifariki lini?”

Kwenye benchi akasimama mzee, kikapu changu mkononi.

“Wewe mwanamke, mbona mimi hujaniambia kama nimekufa?”