Siku Nilipolishika Lori la Muindi

Nikikumbuka safari ile, mwanangu, huwa naianzia chini ya lori. Nilikuwa nimelala chali uani kwetu Mumbuni, leso kichwani, napaka grisi, mama mkwe akatoka nyumbani akaona miguu yangu tu imejitokeza.

"Hii ni nini sasa?" akauliza. "Mke wa mwanangu analala chini ya gari kama ndama anayenyonya?"

Muindi, mume wangu, alikuwa ameinamia injini. Akacheka, akamjibu mama yake. "Mwaitu, huyu ndiye hukaa kando yangu njiani. Lazima ajue gari linasema nini."

Mama mkwe akafyonya, akarudi ndani.

Lori lile lilikuwa la jeshi hapo zamani. Muindi alilinunua mnadani likiwa limechoka, turubai limeraruka, rangi ya kijani imebabuka. Majirani walituuliza kama tunaenda vitani. Kumbe sisi tulikuwa watu wa matembezi tu! Siku za kazi lilibeba mchanga na mawe. Shule zikifungwa tulilifagia, tukapanga mabenchi na magodoro nyuma, tukaenda kuiona nchi yetu. Hadi leo nikisikia harufu ya dizeli asubuhi na mapema, moyo wangu hufunga mizigo.

Lakini raha ile ilikuwa na jasho lake. Jumamosi zetu ziliishia kwenye kubana nati, kupima maji ya rejeta, kugonga magurudumu moja moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukipuuza nati ya lori, utatembea kwa miguu. Kuendesha Muindi alinifundishia nyikani Konza, ambako ningeweza kugonga kichuguu tu. Gia zake zilikuwa za kizamani: unakanyaga klachi mara mbili, unasikiliza injini, ndipo inakubali. Ukilazimisha, linakukemea kama mzee aliyekatizwa usingizi.

Agosti hiyo safari ilikuwa ya mama mkwe. Tangu usichana wake aliuona Kilimanjaro kwa mbali, zile asubuhi zisizo na mawingu, akatamani kuukaribia. Tukampeleka hadi Loitokitok. Aliketi na blanketi mabegani akautazama ule weupe mpaka chai yake ikapoa.

Tulipokuwa tunarudi, tumeshapita Sultan Hamud, Muindi akaanza kutetemeka. Meno yaligongana, shati likalowa jasho. Akaegesha lori kando ya barabara.

"Nzilani," akaniambia, "siwezi tena. Shika wewe."

Tulipungia magari mkono, hakuna lililosimama. Nikazunguka, nikapanda upande wa usukani. Mama mkwe aliketi mlangoni, amemkumbatia mwanawe aliyekuwa katikati yetu. Sikuwahi kulishika lori lile kwenye barabara kuu, mwanangu. Lakini nilipokanyaga klachi, mguu ulijua kazi yake.

Pale karibu na Salama barabara hupanda halafu huteremka vibaya. Muindi alikuwa amenirudia mara nyingi: gia iliyokupandisha mlima, hiyo hiyo ikuteremshe, usiutegemee mguu wa breki peke yake. Nikashuka na gia nzito, injini ikinguruma, mwendo wa ng'ombe. Nyuma yangu matrela yakapiga honi. Dereva mmoja akanipita akichungulia dirishani: "Mama, endesha ama ushuke!"

Mama mkwe akanishika mkono. "Harakisha! Huoni mwanangu anakufa?"

Nilimwona. Hata mimi kila nikimtupia jicho nilitaka kuliachilia lori likimbie. Midomo yake ilikuwa imekauka kama gome.

"Mwaitu," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "hapa nikikimbia tutakufa sote."

Akainua mkono kana kwamba atanipiga. Ndipo Muindi, amefumba macho, akanong'ona: "Mwache. Gari linamsikia."

Mama mkwe akaushusha mkono. Mbele kidogo tulilikuta trela lile lililotupita limelala ubavu mtaroni, dereva ameketi kwenye nyasi, mzima, ameshika kichwa, watu wamemzunguka. Mama mkwe alianza kuimba wimbo wa kanisa polepole, na aliimba hadi tukaingia mjini Machakos, nikaliegesha lori lile, kubwa kama nyumba, mbele ya hospitali, askari wa lango akinishangaa.

Ilikuwa malaria kali. Daktari alisema tumefika wakati unaofaa. Muindi akalazwa, akapona, akarudi kwa miguu yake.

Jumamosi iliyofuata nikaingia tena chini ya lori. Nikasikia hatua, kisha gunia safi likasukumwa kando yangu. "Lalia hili," mama mkwe akasema. "Saruji ina baridi." Halafu akaenda kuinjika isyo, mahindi na maharagwe yetu.

Muindi nimeshamzika, baada ya miaka mingi ya barabara. Tulipokezana usukani mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Kitu kinachoibeba nyumba yako, kiwe lori, kiwe shamba, kiwe duka, usikishike peke yako. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauendeshi maisha. Umfundishe anayeketi kando yako ukiwa bado na nguvu, maana homa haipigi hodi. Na wewe unayefundishwa, usione haya kuchafuka; grisi hutoka kwa sabuni. Siku ukishika usukani wa watu, watakupigia honi mbele na nyuma, na pengine anayekupenda ndiye atakayekuhimiza zaidi. Wewe shuka na gia yako.

Ngai akuathime, Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wa kusafiri naye, akupe barabara ndefu, na kila utokapo, nyumbani pawe na mtu anayetega sikio akikungoja urudi.