Kilithuania, Kiswahili na Haya Yangu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya kana kwamba imetokea leo asubuhi. Nakusimulia kwa sababu juzi, tulipokuwa Mirdif kwa shangazi yako, nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwamba Kiswahili ni lugha ya mayaya, na kwamba wewe hukijui. Sikukukemea. Ningekukemea kwa mdomo gani, nami nilifanya baya zaidi?

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika duka la vipuri vya magari kule Ras Al Khor, huku huku nchi ya Waarabu. Asili yetu Unguja, unajua, lakini mimi nilijitangaza Mwarabu mtupu. Kanzu yangu imenyooshwa pasi, nasema Kiarabu na Kiingereza, basi. Mlangoni alikuwepo mlinzi Mkamba kutoka Kenya, jina lake Mutua. Kila asubuhi alinisalimu, "Habari ya kuamka, ndugu yangu?" Nami, wateja wakiwapo, nilimjibu kwa Kiarabu kwamba sielewi anasema nini. Hakubishana. Kesho yake alinisalimu tena.

Miaka ile walikuja wateja wengi kutoka nchi zilizojitoa mikononi mwa Moscow, nasi tuliwaita wote Warusi. Mmoja alikuwa mzee wa Kilithuania, Jonas, mrefu, mpole, mwenye kununua vipuri vya kupeleka kwao. Nilizoea kuandika "Mrusi" juu ya maboksi yake, na kila mara alilikata neno lile kwa kalamu, akaandika jina la nchi yake. Siku hiyo duka limejaa, nikataka kuchekesha watu. Nikamwambia kwa sauti kwamba anajisumbua bure, lugha yao ni Kirusi cha mashambani tu.

Watu wakacheka. Jonas akaweka kalamu chini. Akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba bibi yake alijifunza kusoma kwa vitabu vilivyopitishwa mpakani kwa siri, maana utawala wa Kirusi wa wakati huo ulikataza lugha yao isichapishwe kwa herufi zao. Waliokamatwa navyo walipelekwa uhamishoni. Lugha yao ni ya ukoo wa Kibalti, alisema. Kirusi ni jamaa wa mbali. Ndugu wa tumbo moja aliyebaki hai ni Kilatvia peke yake. Alikuwapo mwingine, Kiprusi cha kale, lakini wasemaji wake walitawaliwa na Wajerumani, wakamezwa mpaka hakubaki hata mmoja. Wazee wake yeye Jonas waliishi katika misitu na mito karibu na Bahari ya Baltiki, na maneno yao mengi yamebaki ya kale mno.

Kisha akamgeukia Shankar, fundi wetu wa Kihindi, ambaye baba yake alikuwa msomaji wa dua hekaluni. Akamwuliza moto unaitwaje katika lugha ya zile dua.

"Agni," akasema Shankar.

"Kwetu ni ugnis," akasema Jonas.

Mwana wa kiume kwa Shankar ni sunu, kwa Jonas sūnus. Moshi ni dhuma, kwa Jonas dūmai. Mzee akaeleza kwamba hakuna aliyemwazima mwenzake. Maneno yale waliyarithi wote kutoka kwa mababu wa kale sana, ambao vizazi vyao vilitawanyika.

Halafu akanigeukia mimi. Akaniuliza lugha ya mama yangu ni ipi. Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Nikasema mama yangu anasema Kiarabu kilichoharibika, kinaitwa Kiswahili. Na mama yangu wakati huo yuko nyumbani kwetu Rashidiya, ananipikia chakula cha mchana.

Jonas akaniomba nihesabu mpaka tano. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mteja mmoja Mwarabu akasema hicho si Kiarabu hata kidogo. Hapo Mutua, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema kutoka mlangoni, "Kwetu ni imwe, ili, itatu, inya, itano."

Jonas akanitazama bila hasira.

"Maneno ya kuazima yamo katika kila lugha, hata yangu," akasema. "Mimi wageni ndio waliomtukana bibi yangu. Wewe umemtukana mama yako mwenyewe."

Nilimwomba radhi, akanipa mkono. Asubuhi ya pili nikafika mapema, nikamwambia Mutua, "Habari ya kuamka, ndugu yangu?" Akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kamili, akaniita sir. Nilimwomba radhi yeye pia. Akasema hakuna neno. Lakini neno lilikuwepo, maana mpaka aliporudi kwao hakuniita ndugu tena.

Basi mwanangu, usimpe mtu jina la aliyemtawala. Mwulize yeye ni nani, umsikilize. Usiikane lugha iliyokulea ili upendeze mbele ya wageni, kwa sababu ukiikana, yupo mtu karibu yako unayemkana pamoja nayo, naye anakusikia. Na ukishakosea, wahi kuomba radhi, hata kama hutarudishiwa ulichopoteza. Mimi sikurudishiwa.

Mola akulinde na haya kama yangu. Akujaalie ndugu wa kukusalimu asubuhi, na ulimi mwepesi wa kuwaitikia. Amin.