Sinema ya makauboi iliyokata kesi ya mikarafuu Mgogoni

Assalamu alaykum wakuu, na wasio wa salamu hii nawaamkia kwa heshima zote.

Nimewasoma humu vijana mkibishana kuhusu filamu za zamani za makauboi, nikacheka peke yangu barazani. Mimi ni mzee wa Pemba. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na umri huu si wa kumtungia mtu hadithi.

Bila filamu moja ya makauboi, huenda nisingempata mke niliye naye hadi leo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa nimemposa Raya, binti wa Mzee Hamad wa Shumba. Posa ilikubaliwa na mama yangu alishaanza kutafuta kanga za harusi.

Kisha akafariki Mzee Kombo, Mungu amrehemu. Alikuwa mjomba wa baba yangu, Mzee Faki, na wa Mzee Hamad pia. Hakujaaliwa mtoto. Akiwa hai aliwagawia wapwa zake mikarafuu iliyo pande mbili za kijito. Alisema kwa mdomo tu, wao hawapo, mkewe ndiye aliyesikia: ya kulia ya Faki, ya kushoto ya Hamad.

Upande mmoja mikarafuu ilikuwa imenawiri. Upande wa pili imezeeka, ukipanda juu unarudi na vikonyo vitupu bila karafuu.

Sasa sikilizeni. Ukitokea kwetu Mgogoni, ile mizuri iko kulia. Ukitokea kwao Shumba, iko kushoto. Kila mmoja akaona ni haki yake, na mwenzake ni mwongo.

Mtashangaa watu wazima wawili hawakuliona hilo. Mtu akishakasirika haoni hata kofia iliyo kichwani mwake.

Mzee Hamad akaleta ujumbe: hakuna harusi mpaka mikarafuu yake irudi. Na nikasikia kuna bwana wa Wete ameanza kupeleka maneno kwao.

Ndipo likaja gari la sinema kijijini kwetu. Watu walitoka mpaka Shumba, Mzee Hamad na jamaa zake wakiwemo. Tuliswali Isha, kitambaa cheupe kikatundikwa katikati ya uwanja. Kwa ajili ya stara, wanaume tulikaa upande wa projekta na wanawake nyuma ya kitambaa. Picha ilipenya, kwa hiyo kila mtu aliona.

Filamu yenyewe ni makauboi wawili wanagombea mgodi wa dhahabu. Baba wa steringi anakata roho, anasema mgodi uko kulia kwa jabali. Bwana wa gari alikuwa akitufasiria kwa kipaza sauti. Steringi ana kofia nyeupe, adui ana ndevu na anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu.

Steringi akaenda kulia, akaupata mgodi. Wanaume tukashangilia.

Nyuma ya kitambaa wanawake wakazomea!

"Mwongo huyo! Kaambiwa kulia, kenda kushoto!"

"Nyamazeni nyiye, hamjui sinema!" mtu akajibu upande wetu.

"Sinema hatujui, mkono wa kulia twaujua! Huyo wenu ala maharage kwa kushoto kama shetani. Mwenye ndevu ndiye aliyefunzwa adabu, ala kwa kulia!"

Adui alipompiga steringi risasi ya bega, kule nyuma wakapiga vigelegele. Bwana wa gari alichanganyikiwa. Alisema hajapata kuona watu wakimshangilia adui.

Akasimamisha mashine abadilishe mkanda, na ugomvi ukapamba moto. Hapo ndipo Bi Time, mjane wa Mzee Kombo, alipozunguka kitambaa na bakora yake kuja kutukemea. Mashine ikawaka tena akiwa upande wetu. Akatazama. Steringi akachomoa bastola kwa mkono wa kulia.

Bi Time akarudi nyuma ya kitambaa, akachungulia. Akaja tena kwetu. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Faki! Hamad! Njooni hapa nyote wawili."

Wakaenda. Akuite Bi Time usiende, uone.

"Mwaona? Nguo moja, mtu mmoja. Huku kulia, kule kushoto. Na nyiye mikarafuu yenu ndiyo hivi hivi."

Mzee Hamad akasema, "Sasa Bi Time, marehemu alikuwa upande gani aliposema?"

"Alikuwa hajainuka kwenye msala wake wa kuswalia, kule kijitoni. Katoa salamu ya Alasiri, kaelekea kibla, akanyoosha mkono. Miye nilikuwa nyuma yake."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Mliniuliza kasema nini, nikawaambia. Nani aliniuliza kaelekea wapi?"

Ukielekea kibla pale kijitoni, mikarafuu mizuri iko kulia. Ni ya baba yangu.

Mzee Hamad aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Kama alikuwa kibla, sina neno. Nisamehe, Faki. Nilikuita mwongo."

Baba akamshika mkono. "Na miye nilikuita hivyo hivyo. Mikarafuu ni yangu, basi naitoa iwe mahari ya Raya. Irudi nyumbani kwako kwa mlango wa halali."

Mwisho wa filamu siujui. Nilikuwa nimesujudu pembeni, namshukuru Mola.

Funzo langu wakuu: kabla hujamwita mwenzako mwongo, nenda kasimame aliposimama. Ni hatua chache tu.

Mikarafuu ile ni mali ya mke wangu mpaka leo, mimi mchumaji wake. Na kila nikimwambia steringi alikuwa mtu mwema, ananijibu bila kuinua macho kwenye ukili anaousuka: "Mwema gani, anayekula kwa kushoto?"

Nanyi huko kwenu sinema ilitundikwaje? Semeni, nimekaa na kahawa yangu nawasoma.